Jina la Fonti Halielezi Herufi

Wabunifu wakishamaliza kuchora herufi zao, swali wanalolileta ni lilelile: jina gani litaeleza vizuri sura ya fonti hii? Wa Dar es Salaam na Nairobi huongeza sharti la pili, kwamba jina litangaze pia Uafrika wa kazi, na hapo mapendekezo huwa Safari, Simba, Savana na Mbuyu. Swali lenyewe limekosewa. Jina la fonti halidaiwi kueleza chochote. Linadaiwa kuitenga familia moja ya herufi na maelfu ya nyingine, ili mhariri aliyevutiwa na jalada la kitabu aweze kuitaja fonti hiyo, kuitafuta, kuilipia na kuipata kwenye orodha ya kompyuta yake bila kuichanganya na kitu kingine. Sura itaonekana kwa macho, haihitaji msemaji.

Historia ya uchapaji haiungi mkono hata kidogo imani kwamba jina bora ni lile linaloeleza. Mwaka 1957 kiwanda cha herufi cha Haas cha Münchenstein, Uswisi, kilitoa fonti iliyoitwa Neue Haas Grotesk. Jina lilikuwa maelezo matupu: ni mpya, ni ya Haas, na ni ya aina ile ya herufi zisizo na vikia vya miisho (serif) ambayo wachapaji wa Kijerumani waliiita grotesk. Mwaka 1960 jina hilo kamilifu likawekwa kando, kwa sababu fonti ilikuwa inapelekwa kwenye soko la kimataifa. Pendekezo la kwanza lilikuwa Helvetia, na Eduard Hoffmann, aliyeisimamia kazi hiyo tangu mwanzo, akalikataa: kampuni ya bima na watengenezaji wa cherehani walikuwa wanalitumia tayari. Ikawa Helvetica. Kilichoamua hapo ni nani mwingine analishikilia jina, wala si kama linafanana na herufi. Mfano wa pili ni mkali zaidi. Mwaka 1926 mtafiti wa uchapaji Beatrice Warde, akiandika kwa jina la Paul Beaujon, alionyesha kwamba herufi zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za Claude Garamond, na ambazo kampuni ya Monotype ilikuwa imeziiga, zilikuwa kazi ya Jean Jannon, mchongaji aliyefanya kazi miongo mingi baada ya Garamond kufariki. Maelezo yaliyomo katika jina yalikuwa ya uongo, na uongo huo ukajulikana hadharani. Fonti bado inaitwa Monotype Garamond na inaendelea kuuzwa. Jina linalokosea kabisa kuhusu asili ya herufi zake limetimiza kazi yake kwa karibu karne nzima.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jina la maelezo humwumiza mwenye fonti mahali anapohitaji ulinzi. Sheria za alama za biashara kwa kawaida hazimpi mtu mmoja umiliki wa neno linaloeleza tu bidhaa, kwa kuwa neno hilo ni haki ya wauzaji wote. Na jina ni ngome kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana Marekani, soko kubwa la fonti, haitoi hakimiliki kwa umbo la herufi. Kesi ya Eltra dhidi ya Ringer ya mwaka 1978 ililithibitisha hilo. Hakimiliki huko hulinda programu ya fonti, na alama ya biashara hulinda jina. Ndiyo maana kampuni ya Bitstream iliweza kuuza Swiss 721, ambayo ni Helvetica kwa sura, na Dutch 801, ambayo ni Times. Herufi zilichukuliwa, majina hayakuguswa. Kuna atakayesema kwamba Swiss 721 haikupata sifa ya Helvetica kwa sababu tu ilichelewa kufika. Kweli ilichelewa, na hilo ndilo linaloiangusha hoja ya maelezo: neno Swiss linaitaja Uswisi waziwazi kuliko neno Helvetica, herufi karibu ni zilezile, na bado wateja walishikilia jina ambalo miaka ya matumizi ilikuwa imelijaza maana.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi ni la utamaduni: je, tusiziite kazi zetu kwa lugha yetu? Tuziite, tena kwa fahari. Ila tusidhani kwamba neno litaupa mchoro asili ambayo mchoro hauna. Mjerumani Rudolf Koch alitoa fonti ya Neuland mwaka 1923. Hakuna cha Kiafrika katika jina wala katika chanzo chake, lakini wachapishaji wa Magharibi waliibandika kwenye majalada ya vitabu kuhusu Afrika mara nyingi hadi watu wakaiona kuwa ndiyo sura ya Afrika. Sura hiyo tulivikwa na wengine kwa kurudiarudia. Mbunifu wetu akiita herufi za kawaida Savana anaurefusha mtindo huo huo. Aliyekaa na hati za kale za Kiswahili za Lamu na Pate, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akajifunza mkono wa waandishi wake, kazi yake itabeba pwani hata akiiita kwa neno lolote.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Litafute jina pamoja na neno fonti, kwa Kiswahili na Kiingereza. Anayetafuta fonti iitwayo Safari ataishia kwenye mipangilio ya kivinjari cha Apple. Pitia maduka makubwa ya fonti. Sajili jina kuwa alama ya biashara kwa msajili wa nchi yako: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya; fonti za kupakua huingia daraja la 9 la alama za biashara. Jina liwe fupi, kwani mifumo ya zamani ya Windows inakubali herufi 31 tu kwa jina la familia, na maneno Condensed ExtraBold pamoja na nafasi zake yanakula 20. Jina la PostScript halikubali nafasi wala alama za lafudhi. Liandike kwa herufi zako mwenyewe, maana ndilo litakalokuwa tangazo. Likikosa herufi uliyoichora vizuri kuliko zote, chagua jingine. Ukitoa fonti kwa leseni huria ya SIL, tangaza jina limehifadhiwa, ili anayeibadilisha alazimike kuiita vingine. Na amua kabla ya kuitoa. Hati za watu huikumbuka fonti kwa jina lake. Ukilibadilisha baadaye, faili zao zitafunguka zikiwa na fonti nyingine na mistari iliyohama kurasa.