Skrini Mbili kwa Hesabu Moja



Aliyewahi kufanya kazi ya zamu anajua jinsi siku zinavyopotea. Siku ya malipo unaambiwa umefanya siku 24, na wewe unajua umefanya 26. Ukiuliza, karani anafunua orodha moja, anaifunga, anafunua ya pili, kisha anakwambia hesabu ndiyo hiyo. Nyuma yako foleni inasukumana, nawe unaondoka.

Karani wa zamani, wa kiwandani au wa shambani, alikuwa na meza pana. Kitabu cha mahudhurio kilikaa mkono wa kushoto na kitabu cha mishahara mkono wa kulia, vyote vimefunuliwa, na kidole kilitoka jina hadi jina. Siku hizi orodha zimo ndani ya kompyuta, na kompyuta yenye skrini moja ni sawa na meza ambayo kitabu kimoja kimewekwa juu ya kingine. Ndiyo sababu sisi wa ofisi ya tawi hapa Kismayu tuliamua kutafuta skrini ya pili. Wako waliotucheka wakasema tunataka sinema.

Kompyuta yetu ni kuukuu na inaendeshwa kwa Linux. Kwa wasioijua, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Matoleo yake mengi hupatikana bure, tena yapo yanayokubali mashine ya zamani, na kwa mfuko wa chama hilo si jambo dogo. Na Waswahili si wageni katika mambo haya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili.

Taabu ya kwanza ilikuwa waya. Nyuma ya kompyuta yetu pana tundu mbili za picha, moja ya VGA na moja ya HDMI, lakini skrini zote mbili tulizopata ni za VGA. Tulinunua kiunganishi cha bei rahisi, skrini ikabaki nyeusi, na fedha ikapotea. Baadaye tukaelezwa kwamba HDMI hupeleka picha kwa tarakimu na VGA hupeleka kwa mawimbi ya umeme, kwa hiyo kuunganisha waya kwa waya hakutoshi. Lazima pawe na kigeuzi chenye mtambo wake mdogo ndani. Mwenye kununua aulize hilo kwanza, kabla hajatoa pesa.

Skrini ya pili ilipowaka, ilionyesha picha ileile ya kwanza. Hiyo ni hali ya kioo, nayo inafaa mkutanoni, watu wengi wanapotazama jambo moja. Sisi tulitaka uwanja mmoja unaoendelea kutoka skrini hadi skrini. Katika mipangilio ya Linux pana dirisha la skrini. Ukilifungua unaona vibao viwili, kila skrini na kibao chake. Unaondoa hali ya kioo, kisha unavivuta vibao vikae kama skrini zilivyokaa mezani. Tulivipanga kinyume. Kijana wetu akasukuma mausi kwenda kulia, kishale kikagonga ukingo kikasimama, akaapa mausi imekufa. Kumbe njia ilikuwa upande wa kushoto.

Skrini zetu hazilingani. Moja ina nukta 1280 kwa 1024, nyingine 1920 kwa 1080. Kila moja iachiwe kipimo chake cha asili, la sivyo herufi zinafifia na macho yanauma. Vibao navyo vilinganishwe kwa juu, maana pasipogusana kishale hakipiti.

Ndugu mmoja alitufundisha njia fupi ya kuandika amri:

xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of VGA-1

Maana yake, skrini ya HDMI-1 iwashwe kwa kipimo chake na ikae kulia kwa VGA-1. Majina hayo hutofautiana kwa kila mashine. Ukiandika xrandr peke yake utaonyeshwa yako. Tulifurahi siku moja. Umeme ulipokatika na kurudi, mpango wote ukawa umefutika, kwa sababu amri hiyo hudumu mpaka kompyuta izimwe tu. Ama iwekwe miongoni mwa programu zinazoanza zenyewe, ama upange kwa dirisha la mipangilio na kukubali mabadiliko yahifadhiwe. Na katika Linux mpya zinazotumia Wayland, amri hiyo haipangi skrini. Huko tumia dirisha.

Umeme wenyewe ni ghali, kwa hiyo skrini ya pili tunaizima kazi ya kulinganisha ikiisha. Shingo nayo ina haki yake. Kama unazitazama zote sawasawa, zikutane mbele ya pua yako, umbali wa mkono, na ukingo wa juu usipite macho.

Sasa yaliyotoka humo. Jioni ya kwanza tulifungua mahudhurio ya kundi moja la wachukuzi kushoto, na orodha ya malipo ya mwajiri wao kulia. Tulishuka jina kwa jina. Katika jina la nne siku mbili zilipungua, la saba moja, la tisa mbili. Tulidhani ni uzembe, mpaka tulipotazama tarehe. Waliopungukiwa wote walikuwa wamefanya zamu ya usiku iliyoanza baada ya saa sita, wakapumzika, kisha wakarudi zamu ya jioni siku hiyohiyo. Zamu mbili zilikuwa na tarehe moja, na orodha ya malipo ilihesabu tarehe, haikuhesabu zamu. Hatusemi karani aliiba. Tunasema watu walibeba magunia usiku na hawakulipwa.

Mtu angeweza kuyaona hayo kwa skrini moja? Angeweza, kwa madirisha mawili yaliyobanwa na herufi za sisimizi. Au angechapisha, kama ana karatasi na wino. Sisi hatukuwahi kuyaona.

Mwajiri huyo amekubali kurudia hesabu ya mwezi mmoja. Miezi iliyotangulia bado anaikataa, akidai mahudhurio yake hayapo. Kwa hiyo mwanachama yeyote wa kundi lile aliyetunza vipande vyake vya zamu, hata vilivyochakaa kwa jasho, avilete ofisini. Tutaviingiza upande wa kushoto kimoja kimoja, naye akae kiti cha pili atazame mwenyewe upande wa kulia.