Gobori, gumegume na tafsiri inayoweza kupasua mtutu

Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mkazi wa Pennsylvania, Marekani, aliniletea tafsiri niipitie. Ni mwongozo wa kuchagua bunduki ya kuwindia ayala, aliokuwa akiwatafsiria majirani zake Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Huko uwindaji ni halali ukiwa na leseni. Sisi Kenya tuliupiga marufuku mwaka 1977, na nadhani msamiati wake umekuwa ukitutoroka tangu hapo.

Kilichonikwaza kwanza ni 'bunduki'. Mwongozo unahusu silaha inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu: unamimina baruti, unatia risasi, kisha unaishindilia kwa mdeki. Hilo ni gobori (wengine husema gobore), nomino ya ngeli ya LI-YA. Lakini hata gobori halitoshi. Wazee walizitofautisha bunduki kwa namna zinavyowashwa. Ya mrao iliwashwa kwa utambi. Gumegume huwashwa na jiwe linalopiga chuma likatoa cheche. Ya fataki huwashwa na kifuniko kidogo chenye kilipuzi kinachogongwa na nyundo. Siku hizi ukitaja fataki watu hufikiria mkesha wa Mwaka Mpya!

Je, haya ni ya makavazi tu? La hasha. Pennsylvania ina msimu wa magobori baada ya Krismasi, na gobori linaloruhusiwa wakati huo ni gumegume tu. Anayesoma 'bunduki' akanunua gobori la kisasa, lile ambalo fataki yake hukaa nyuma ya baruti katika mstari mmoja na mtutu, atakuwa na silaha nzuri na kesi mahakamani.

Kosa la hatari zaidi lilikuwa katika maneno mawili: 'tia baruti'. Baruti gani? Gobori la kawaida huundwa kwa baruti nyeusi au mbadala wake maalumu. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa zenye ganda, huweza kuupasua mtutu usoni pa mwindaji. Kipimo nacho ni cha ujazo, si cha uzani. Mbadala mwingi ni mwepesi kuliko baruti nyeusi, kwa hivyo anayepima kwa mizani atazidisha. Yeye alikuwa ameandika 'uzani'.

Aliandika pia 'sukuma risasi'. Nikafuta, nikaandika 'shindilia'. Kusukuma kunaweza kuishia katikati ya mtutu, na pengo likibaki kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kupasuka vilevile.

Kuhusu mtutu wenyewe, tulikubaliana na 'mifuo' kwa ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Mifuo inayojipinda polepole hufaa risasi ya mviringo. Inayojipinda upesi hufaa risasi ndefu. Kipenyo kinachopendwa sana kwa ayala ni nusu inchi.

Mnyama alikuwa amemwita 'paa'. Paa, kama kulungu, pembe zake ni za kudumu. Ayala huzidondosha kila mwaka na kuota nyingine. Hapa kwetu hayupo, ila wasomaji wa Zaburi wanamjua kwa jina.

Nilipomrudishia kazi yake aliniuliza, "Lakini Prof, majirani watajua gumegume ni nini?" Nikamwambia aliache neno palepale na achore picha kando yake.