Matumbawe ya Florida: kwa nini kupanda mbegu moja haitoshi

Mkulima wa Walungu ao Uvira anaijua hii: ukikata miti ya muhogo kwa shina moja na kujaza nayo shamba, siku mozaiki inaingia, yote inagonjwa pamoja. Ndivyo ilivyo baharini, kule Florida, Marekani. Matumbawe, hata kama yanafanana na mawe, ni wanyama wadogo sana wanaojenga miamba ambamo samaki wanajificha na kuzaa.

Kuna aina moja, Acropora palmata, yenye matawi kama pembe za nyama. Ilipokuwa karibu kuisha, watu waliikata vipande na kuvipanda tena. Kazi nzuri, lakini kila kipande ni pacha wa mama yake, na kwa kawaida mapacha hao hawawezi kuzalishana. Mwaka 2023 maji yakapata moto kupita kiasi. Kwenye visiwa vya Florida Keys karibu yote yakakufa, hata yale ya kupandwa.

Basi Chuo Kikuu cha Miami kikaleta matumbawe ya aina ileile kutoka Tela, Honduras, yaliyozoea maji ya moto zaidi, na kuyazalisha na ya Florida. Watoto wao walipandwa karibu na Miami mwaka 2025. Sasa wanangojea joto lingine.