Je, Wajua? Anwani ya Kiti, Si ya Mtu

Je, wajua kwamba anwani nyingi za barua pepe za wakurugenzi wa halmashauri zetu za wilaya, Tanzania, huanza na herufi tatu tu, "ded", yaani District Executive Director? Mkurugenzi akihamishwa kutoka Kilosa kesho, anwani haifungi mizigo naye. Anayekikalia kiti ndiye anayesoma.

Je, wajua kwamba wazo lenyewe si geni? Vijijini, S.L.P. moja ya shule ilibeba barua za ukoo mzima, mwalimu mkuu akagawa. Seva ya barua pepe ndiyo huyo mwalimu mkuu, ila yenyewe humpa kila mtu nakala yake.

Je, wajua kwamba kwenye seva ya Sendmail au Postfix, kundi zima la wapokeaji ni mstari mmoja wa maandishi? Chukua nyumba ya wageni hapa Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa. Mwenye nyumba yuko Dar, mhudumu yuko kaunta, dereva kaingia hifadhini tangu alfajiri. Fundi anafungua faili la /etc/aliases na kuandika:

mapokezi: asha, juma, salum

Kisha anaamuru newaliases. Akiisahau amri hiyo (na husahaulika sana!), seva inaendelea kusoma orodha ya jana, na barua ya mgeni aliyeomba chumba inarudi alikotoka: mpokeaji hajulikani.

Je, wajua kwamba hapo hakuna haja ya watu watatu kugawana nywila moja? Kila mtu ana yake. Salum akiacha kazi, futa jina lake siku hiyo hiyo, la sivyo ataendelea kusoma nani anakuja na lini.

Je, wajua kwamba Asha akijibu, mgeni huona anwani ya Asha mwenyewe, mpaka programu yake ipangwe itume kwa jina la mapokezi?

Je, wajua kwamba tangu 1982 kanuni za barua pepe zinadai kila kikoa kiwe na anwani ya kiti namna hiyo, postmaster, yaani msimamizi wa barua?

Je, wajua kwamba Oktoba 1997, ndani ya Microsoft, watu wa kundi moja la barua pepe lenye wapokeaji wapatao 13,000 walijibizana "nitoeni humu" kwa kubonyeza "jibu wote", zikazaliwa barua kama milioni 15?

Wewe mwenye nyumba ya wageni, unapochora bango jipya andika mapokezi@, usiandike jina la Asha. Asha anaweza kupata kazi Ifakara, na rangi ya bango ni ghali.