Bado Beti Mbili

Kanda ya mama yangu, yenye nyimbo za marehemu Juma Bhalo, iliuawa na hewa ya bahari. Wasomaji wa Mvita na Lamu wanajua: utepe hushika ukungu, ukanatana, hatimaye ukakatika. Naye Bhalo alifariki mwaka 2014, hakuna wa kumwendea arudie. Nikamwahidi mama kuwa nitamtafutia ule wimbo wake kwenye intaneti, niupakue katika tarakilishi ya nyumbani.

Faili la kwanza lilishuka kufumba na kufumbua. Nikabonyeza, kimya! Nikalaumu spika, nikachomoa waya na kuzirudisha, nikazima na kuwasha. Wapi! Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, tazama uzito wake kwanza."

Kilobaiti 40.

Wallahi, ningaliijua hesabu hii mapema nisingaliteseka. Faili la mp3 la kawaida, lile la kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Wimbo wangu ulikuwa wa dakika nane, basi haukosi kukaribia megabaiti nane. Kilobaiti 40 hazifiki hata sekunde tatu. Tulipolifungua kwa programu ya kuandikia, hamkuwa na muziki ndani, bali maandishi ya ukurasa wa intaneti uliovishwa kanzu ya mp3.

La pili lilikuwa hatari. Windows kwa desturi huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hivyo niliona mp3 tu. Mpwa wangu alipozifichua, jina liliishia .mp3.exe. Hiyo ni programu, si wimbo, na aghalabu huja na virusi. Akalifuta nami kidole ki tayari kubonyeza.

La tatu likaimba. Sauti ya Bhalo ilipojaa sebuleni, mama aliacha vitunguu alivyokuwa akimenya, akaja kuketi. Baadaye kukawa kimya.

"Umekwisha," nikasema.

"Haukwisha. Bado beti mbili."

Nikambishia, Mungu anisamehe. Tulipotazama, uzito ulikuwa megabaiti tano na kidogo. Mtandao ulikatika tukiwa twapakua, na tarakilishi haikusema neno, kwani mp3 iliyokatika huimba hadi pale ilipokomea, ikanyamaza kana kwamba ndio mwisho. Mashine haina habari ya beti. Mama anayo, na yeye hajagusa tarakilishi maishani mwake.

Faili lile nikalifuta. Usiku, mtandao ulipotulia, nikapakua upya, na safari hii nikalinganisha uzito na dakika kabla ya kumwamsha mtu. Megabaiti saba na nusu na ushei.

Asubuhi mama alisikiliza hadi mwisho, midomo yake ikienda pamoja na maneno. Kisha akauliza kama na ule mwengine, wa upande wa pili wa kanda, nao umo humo ndani.