Mlango Namba 22



Mwaka 1995, katika chuo kikuu kimoja cha Helsinki kule Ufini, mdukuzi alijipenyeza kwenye mtandao akawa anadaka nywila za watu. Nywila hakuhitaji kuzivunja, wanangu. Siku hizo, ukitaka kuingia kompyuta iliyo mbali ulitumia telnet, nayo ilipitisha nywila waziwazi, herufi kwa herufi, na aliyetega njiani alijisomea tu. Mtafiti wa chuoni hapo, Tatu Ylönen, akakaa akaandika programu inayofumba kila neno kabla halijatoka. Akaiita SSH, akaigawa bure mwaka huohuo.

Sasa tuje kwetu Mombasa. Uko Likoni, kazi yako iko kwenye kompyuta ya Linux ofisini kwa mjomba, Changamwe. Kwenda mwenyewe ni kuvuka kwa feri, kisha matatu kupita Makupa. Kwa SSH huondoki kitini.

Siku ukiwa Changamwe, kama Linux yenyewe ni ya aina ya Ubuntu, andika:

sudo apt install openssh-server

Ukiulizwa nywila, huenda skrini isionyeshe kitu, hata nyota. Usidhani kibodi imekufa. Andika tu, ubonyeze Enter. Programu ikishaingia, inakaa macho kwenye mlango namba 22. Mwenye ruta naye aufungue mlango huo, la sivyo wa nje hafiki.

Ukirudi Likoni, kwenye kompyuta yako, andika:

ssh-keygen -t ed25519

Yatatoka mafaili mawili. Lenye .pub ni kufuli, lipeleke Changamwe kwa ssh-copy-id, jina lako na anwani ya kompyuta ile. La pili ni ufunguo. Hilo usimpe mtu, hata awe rafiki wa chanda na pete. Mara ya kwanza utaulizwa kama unaitambua alama ya kompyuta ile. Usikimbilie kukubali, mpigie mjomba akusomee alama ya kwake, mlinganishe.

Kisha ingia kwa ssh, kwa jina na anwani ileile. Ufunguo ukikubali, zima nywila kabisa: kwenye /etc/ssh/sshd_config ya Changamwe weka PasswordAuthentication no, kisha uiwashe SSH upya. Dirisha la kwanza usilifunge mpaka umejaribu kuingia kwa la pili. Mimi naona hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu wanaobahatisha nywila hawalali.

Na muombe mjomba ruhusa kwanza. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018, kuingia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa la jinai.