Umio Unaouma Miezi Mingi: Je, ni Virusi?

Hivi karibuni mama mmoja wa parokia yetu alitujia baada ya Misa akiwa na swali ambalo hakutaka lisikike kwa wengine. Kwa miezi mitano, kila anapomeza chakula huona moto katikati ya kifua. Hata akipokea Komunyo humbidi aiache Hostia ilainike kabisa mdomoni ndipo aimeze. Jirani yake alikuwa amemnong'oneza kwamba hivyo ni "virusi", na sote tunajua neno hilo likinong'onwa ni virusi gani vinavyosemwa. Mama huyu alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Tulimwahidi kulijibu hapa, maana tunaamini hayuko peke yake.

Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Ngozi yake ya ndani ni laini, na ikichubuka au kuvimba, kumeza huwa mateso.

Je, virusi vyaweza kuuvimbisha? Ndiyo, vyaweza. Vinavyojulikana zaidi ni vya aina mbili. Vya kwanza ni virusi vya herpesi, vile vile viletavyo malengelenge ya midomoni baada ya homa. Vikishaingia mwilini hujificha katika mishipa ya fahamu maisha yote, na watu wengi mno wanavyo bila kujua. Vya pili huitwa sitomegalo. Vyote viwili hungoja kinga ya mwili ipungue: kwa mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, kwa aliyepandikizwa figo, au kwa anayetibiwa saratani. Ni nadra mtu mwenye afya njema kupata herpesi ya umio. Akiipata, maumivu huja ghafla na kwa ukali, mara nyingi pamoja na homa, na kwa kawaida hupona katika wiki moja au mbili. Basi maumivu ya miezi mitano, kwa mtu ambaye kinga yake ni nzima, si desturi ya virusi hivi.

Na hata kwa mwenye VVU, anayeshambulia umio mara nyingi zaidi si kirusi bali ni fangasi, yule yule aletaye utando mweupe mdomoni. Fangasi huyo hutibiwa kwa flukonazoli kwa wiki mbili au tatu, na dawa za ARV huirudisha kinga. Kwa hiyo tulimshauri mama apime VVU, tena aende na mumewe. Kupima kunachukua dakika chache. Kunong'onezwa kunaweza kuchukua miaka.

Kisababishi cha kawaida cha umio kuuma muda mrefu ni asidi ya tumboni. Mwisho wa umio kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ukilegea, asidi hupanda na kuunguza. Wengine huunguzwa na vidonge: doksisaiklini au aspirini iliyomezwa kwa funda moja la maji, kisha mtu akajilaza. Kidonge hukwama njiani na kuchimba kidonda. (Meza ukiwa umeketi, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa.) Wachache wana aleji ya chakula fulani iliyohamia kwenye umio.

Daktari hawezi kuyatenganisha haya yote kwa kukuangalia usoni. Hospitali kubwa huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya nyama vya kuangaliwa kwa hadubini. Kipande cha kutafuta herpesi huchukuliwa ukingoni mwa kidonda, na cha sitomegalo katikati yake. Si kipimo cha kufurahisha, lakini huisha upesi.

Hofu yetu kubwa ni kwamba watu wakibishana kuhusu virusi, saratani ya umio hupata nafasi. Ugonjwa huu umeenea sana upande wetu huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Huanza kwa ugali kukwama, kisha ndizi, kisha uji. Mtu hupungua uzito. Akiona dalili hizo asingoje mwezi mwingine, wala asiendelee kunywa dawa za kiungulia za dukani. Tumbaku na pombe huongeza hatari, na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia. Wazee wetu wanaosifu chai inayotoka jikoni ikichemka wasikie.

Mama yule alikwenda, na mumewe akamsindikiza. VVU hakuna. Kipimo cha kamera kilionyesha michubuko ya asidi sehemu ya chini ya umio. Amepewa omeprazoli, amekatazwa kulala kabla ya saa tatu kupita tangu chakula cha jioni, na miguu ya kitanda upande wa kichwani imewekewa matofali. Mumewe analalamika kwamba usiku anateleza.